Sheria ya Malalamiko ya Maandishi

Jumatatu, 10 Novemba
Nimekasirika. Programu yetu ya simu, ile ya kuagizia bidhaa kwa wauzaji wa jumla wa soko la Kikuubo, Kampala, inatoka Ijumaa. Ina kasoro sitini na moja. Huguette, bosi wetu hapa ofisini Kansanga, ametangaza kwamba atakayeonyesha njia nzuri ya kuamua ipi irekebishwe kwanza ndiye atakuwa mkuu wa timu. Oyet, mwandishi mwenzangu wa programu, akasimama haraka. Eti tuanze na ile inayotuma oda mara mbili mtu akibonyeza kwa pupa. Anajua sehemu hiyo niliiandika mimi! Mnafiki.

Jumanne, 11 Novemba
Sheria yangu imepita! Kasoro yenye malalamiko mengi ya maandishi ndiyo ya kwanza. Nani atabishana na hesabu? Watu wa Kikuubo wanaotujaribia programu hawaandiki. Hupiga simu wakafoka. Kwa hiyo oda mara mbili: sifuri. Picha ya sabuni iliyolala ubavu, kazi ya Oyet: sifuri pia. Hilo linarekebishika.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeandika malalamiko kumi na tisa kuhusu sabuni, kwa majina kumi na tisa. Mawili yana matusi. Oyet kashinda akihangaika na picha yake. Safi.
Mchana akapiga simu Mama Esperance, mmoja wa hao wanaotujaribia, mwenye duka. Aliapa kwa jina la Yesu kwamba oda imekwenda mara mbili. Nikamwomba kwa heshima aandike. Akaniuliza kama masikio yangu nimeyapeleka kwa fundi. Hana adabu!

Ijumaa, 14 Novemba
Imetoka. Sabuni imesimama wima. Huguette kanisifu mbele ya wote. Mkuu atatangazwa Jumatatu. Oyet hakupiga makofi. Wivu tu.

Jumamosi, 15 Novemba
Mama Esperance amekuja na pikapu. Aliagiza katoni arobaini za sabuni, akaletewa themanini. Arobaini za ziada amezipanga mlangoni kwetu hadi juu. Tumefungiwa ndani!
Nikamweleza kupitia dirishani kwamba ofisi ina utaratibu. Akajibu kwa upole wa kutisha: “Josias mwanangu, si ulitaka niandike? Nimeandika. Soma.”
Kila katoni, kwa wino mweusi: ODA MARA MBILI.
Huguette alizihesabu moja moja, kwa sauti. Arobaini kwa kumi na tisa. Kwa sheria yangu mwenyewe! Oyet alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 17 Novemba
Mkuu wa timu ni Oyet. Huguette ameniagiza nirekebishe oda mara mbili leo hii, nisiguse kitu kingine.
Sijaigusa. Nimeshinda nikiandika sheria bora. Kifungu cha kwanza: maandishi ya kwenye katoni hayahesabiwi. Juu kabisa ya orodha nimeweka kasoro mpya ya Oyet, yenye malalamiko hamsini.
Bado sijajua ni kasoro gani. Kesho nitaitafuta.