Malalamiko Kuhusu Maneno ya Kiingereza Yasiyokaa Rafu Moja

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mtunza ghala la vifaa vya ujenzi, na ni baba wa yule msichana mrefu wa darasa la sita anayekaa dawati la mbele. Jana alileta nyumbani zoezi la Kiingereza la kutambua aina za maneno. Amepata nne kwa ishirini. Ndani ya daftari kulikuwa na kikaratasi kinachosema Jumatatu atahamishiwa mkondo wa chini. Mama yake alikisoma mara tatu, akaketi. Mtoto mwenyewe hakulia, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Neno "hammer" ni nyundo. Ninazo hamsini na mbili kwenye rafu ya nne, na zote ni vitu. Kwenye zoezi limejibiwa nomino, yaani jina la kitu, lakini Mwalimu wa Kiingereza amelikata kwa wino mwekundu, eti hapo ni kitenzi. Namheshimu sana mwalimu huyu, ila sidhani kama amewahi kuangukiwa na nyundo mguuni. Angeangukiwa, shaka ingemwisha.

2. Neno "light". Mara ni taa, mara ni kuwasha, mara ni wepesi wa mzigo. Kuna mfanyakazi wetu alijaribu mtindo huo, asubuhi dereva, mchana mlinzi, jioni fundi umeme, na ofisi ikamwita ajieleze. Kwangu kila kitu kina rafu yake na lebo yake, na atakayetia misumari kwenye sanduku la bawaba atanitambua. Kiingereza hakina mtunza ghala, Mwalimu Mkuu. Tatizo ni hilo tu.

3. Balaa hili limeingia nyumbani. Tangu mada hii ianze, mtoto anatugawa sote mafungu. Mama yake ni kitenzi, kwa sababu hakai chini. Mama mkwe wangu, ambaye hawezi kufunua sufuria bila kusema "Ala!" au "Mama wee!", ni kihisishi, naye anatembea kama aliyepandishwa cheo. Mimi niliambiwa ni nomino. Nilijisikia vizuri mpaka nilipouliza sababu: eti nikirudi kazini nawekwa kwenye kiti na sisogei tena hadi chakula kiive. Jikoni walicheka mpaka majirani wakasikia.

4. Sasa limefika kazini. Juzi mkandarasi mmoja mzee aliomba "paint", yaani rangi, nami nikamuuliza kwa upole kama anataka kitu au anataka tendo. Akasema, "Bwana, mimi nina ukuta tu," akaenda duka la jirani. Mwenye duka letu ameniuliza kama nyumbani kuna amani.

Kwa hayo yote, naomba shule iwaandikie wenye lugha yao, popote walipo, wachague kazi moja kwa kila neno, kisha watuletee orodha yenye muhuri. Tukisubiri majibu, alama za zoezi hilo zisimame, darasa zima lipewe ishirini kwa ishirini, na Mwalimu wa Kiingereza aje ghalani wiki moja ajifunze kupanga vitu. Chai nitatoa mimi. Na zaidi ya yote, binti yangu asihamishwe. Tangu darasa la pili anasema atakuwa mkalimani, na najua mkondo wa chini haupati vipindi vya ziada vya Kiingereza.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa geti, na hata Mwalimu wa Kiingereza, ambaye kwa kweli simchukii.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu na adabu zake,
Mtunza ghala

Nyongeza: Nilimpa binti barua hii ailete. Aliisoma, akanirudishia na kusema, "Baba, hujamwambia lile lingine." Basi lile lingine ni hili. Alhamisi alimaliza zoezi lake peke yake, akaliacha mezani akaenda kuosha vyombo. Nikalikagua, kama ninavyokagua kila mzigo kabla haujapangwa. Sikusoma sentensi, ghalani tunasoma lebo. Niliona majibu kumi na sita hayako mahali pake, nikayafuta kwa kifutio na kuandika nomino kote. Zile nne alizopata ni zile ambazo sikuzigusa. Asubuhi aliyaona, akakusanya daftari hivyo hivyo, na mwalimu alipomsema mbele ya darasa alinyamaza ili nisiaibike. Nimeona haya mpaka kula kumenishinda. Naomba yeye abaki alipo. Kama huko mkondo wa chini kuna dawati tupu, nikalie mimi; natoka kazini saa kumi.