Jani la Tisini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Habari nzito! Mwalimu wetu wa hesabu anahama. Anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na Jumamosi darasa letu la zamani linamuaga katika chumba kile kile alichotufundishia miaka thelathini na minne iliyopita. Kiranja wetu, ambaye sasa ana mvi na bado anaamrisha watu, amepita kwenye banda langu la kuandika vibao kunipa taarifa. Nikauliza nani atatoa hotuba. Akasema anamfikiria Kidole Juu.

Kidole Juu! Yule aliyekuwa akinyoosha kidole hata mwalimu anapouliza nani kavunja dirisha. Leo ana duka la dawa na koti jeupe, basi watu wanadhani ana akili. Nikamwambia Kiranja kwamba hotuba ya kumuaga mwalimu wa hesabu itolewe na mtu aliyeng'ara kwenye hesabu.

"Sasa ndugu yangu," akasema, "hapo si unajitoa mwenyewe?"

Nimemsamehe. Umri umemharibia kumbukumbu. Mimi nilikuwa moto wa kuotea mbali. Ndiyo maana waliniita Desimali. Mke wangu, ambaye tulisoma darasa moja, anadai waliniita hivyo kwa sababu nukta yangu haikuwahi kutulia mahali pake. Yeye alikaa dawati la mbele kabisa na sikumbuki kama aliwahi kufungua mdomo. Atajua nini?

Jumanne, 5 Agosti

Natafuta ushahidi. Nimevuta sanduku la bati uvunguni mwa kitanda. Vumbi, mende wawili, na humo ndani daftari langu la hesabu!

Nimekaa sakafuni asubuhi nzima. Karatasi ya kaki niliyolifunikia bado imeshika. Nimenusa. Nikawa nimerudi: dirisha lisilo na kioo, vumbi la chaki likielea kwenye jua, viatu vya Mwalimu vikija ko-ko-ko ukumbini na sisi sote tunanyooka kama misumari. Jamani, tulikuwa wadogo kiasi gani!

Kuna ukurasa wenye alama ishirini za mtihani, bila jina hata moja. Nakumbuka siku ile. Mwalimu alizisoma moja moja na kutukataza kuuliza ni za nani. Kisha akatufundisha kuzipanga kwa mchoro wa shina na majani. Makumi ndiyo shina, mamoja ndiyo majani. Sitini na nne: shina sita, jani nne. Chini ya alama hizo mimi nimechora mti, mti hasa, na ndege juu yake. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Ndege mzuri. Mchoro uko wapi?"

Hapo wazo likanipiga utosini. Nitauchora mchoro ule kwenye ubao mkubwa wa rangi, uwe zawadi ya darasa. Watu watalia. Na kwa kuwa alama hazina wenyewe, mtoa hotuba anaweza kusimama mbele na kudai yoyote anayoitaka. Ya juu kabisa ni 94. Nimeipenda.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi imeanza. Mke wangu akaja kushona karibu yangu, kosa la kwanza hilo.

Shina la saba nimeandika moja na tano. Akasema waliopata 75 ni wawili, huyo mwingine nimempeleka wapi? Nikaongeza tano. Akasema na kwenye shina la sita majani yaende kwa mpangilio, dogo kwanza. Nikafuta. Shina la tatu halikuwa na mtu, nikaliruka. Akasema niliandike, nafasi yake ibaki wazi, la sivyo huyu wa 27 ataonekana kakaa jirani na wa 41.

"Na hakuwa jirani naye," akasema.

Kisha nikalipaka lile jani la 94 kubwa, la dhahabu, likajaza mstari. Hapo akaweka sindano chini. Majani yote yawe na upana mmoja, akasema, ili urefu wa mstari uonyeshe watu walijazana wapi. Nimepaka rangi upya mara tatu! Hatimaye:

2 | 7
3 |
4 | 1 5 8
5 | 0 3 3 6 9
6 | 2 4 4 7 8
7 | 1 5 5
8 | 0 6
9 | 4

Ufunguo: 6 | 4 ni 64

Akahesabu majani kwa ncha ya sindano. Ishirini. Akasema ukihesabu kumi kutoka kila upande unakutana kati ya 62 na 64, kwa hiyo katikati ya darasa ni 63. Nikasema ndicho nilichotaka kusema. Nikamuuliza haya kayajulia wapi. Darasani, akasema.

Nikamsikitikia kwa sauti yule maskini wa 27, sijui aliishia wapi. Mke wangu akakata uzi kwa meno na kutoka nje haraka. Nikamsikia anakohoa sana. Vumbi la sandukuni, bila shaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemtembelea Kidole Juu dukani kwake. Nikamdokeza, kirafiki tu, kwamba Kiranja kapanga mtoa hotuba ndiye atakayeosha vyombo baada ya sherehe. Alitazama mikono yake myeupe. Kabla ya adhuhuri Kiranja akaleta habari kwamba hotuba ni yangu. Akili ni mali!

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Tulikuwa ishirini. Tumefika kumi na watatu. Madawati yamekuwa madogo, au ni sisi. Mwalimu kaingia na fimbo ya kutembelea, na tukasimama sote bila kuambiwa. "Shikamoo Mwalimu," kwa sauti moja, ile ile ya kuvuta. Kidole Juu alifuta miwani. Mimi pia, na sivai miwani.

Nikafunua ubao. Watu wakasema "Aaa!" Nikahutubia vizuri mno. Kisha nikaweka kidole kwenye 94 na kusema kwa unyenyekevu kwamba jani hili, wapendwa, lilikuwa langu.

Mtu akaangusha kikombe.

Mwalimu akasogea, akagusa majani moja baada ya jingine kama anayeita mahudhurio. Hizi 53 mbili ni wale mapacha, waliokosea maswali yale yale. Hii 80 alikuwa akiimba huku anagawanya, Mungu amrehemu. Akafika 94.

"Huyu alikaa mbele," akasema. "Hakunyoosha kidole hata siku moja." Akamtazama mke wangu.

"Kweli kabisa!" akalipuka Kidole Juu. "Mimi nilikaa nyuma yake. Hiyo 86 yangu, nusu nzima ni ya shemeji!"

Nikauliza kwa sauti ndogo, na mimi? Mwalimu akashuka, shina la nane, la saba, la sita. Akapita ule mstari mtupu. Akatua kwenye 27. Chumba kilicheka mpaka bati likatetema. Nami nikacheka, nikiwa wa mwisho.

Baadaye akaniita pembeni. Akasema muhula uliotangulia alizisoma alama kwa majina. Mimi nilipata 19. Nikaikunja karatasi ya mtihani, nikaitia mdomoni, nikaitafuna yote mbele yake huku machozi yananitoka. Tangu siku hiyo hakusoma tena alama kwa majina.

"Tena ulipanda nane," akasema. "Nilitaka kukupongeza, ila ningekutaja."

Sikukumbuka lolote. Kisha nikakumbuka ladha: wino na chumvi. Nikambebea mkoba wake hadi kwenye gari.

Ubao haukuingia ndani. Mke wangu akaufunga juu ya gari kwa kamba, mafundo manne. Gari likaondoka hivyo, majani yetu yote yakitazama angani. Tulisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Njiani nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuwahi kusema. Akajibu kwamba sikuwahi kuuliza.

Jumanne, 12 Agosti

Jambo jipya! Darasa litakuwa na mkutano kila mwaka na anatakiwa mwenyekiti. Kiranja anataka mtu anayejali muda. Kumbe Jumamosi alikaa mlangoni na saa, akaandika kila mtu kachelewa dakika ngapi, nami kanipa orodha niipange kwa shina na majani.

Kidole Juu: dakika 38. Safi sana.

Mimi: 52. Shina tano, jani mbili. Lakini mkono wa mchoraji huteleza, jamani. Shina linaweza kuwa mbili na jani likawa tano, na ni tarakimu zile zile!

Mke wangu amesimama nyuma yangu. Anakohoa tena. Kesho nitamnunulia dawa.