Matcha ya Boga Jikoni kwa Jeptoo

Nehemiah Kuria alikuwa amemaliza watu wa kudanganya.

Arlington walimjua kwa viwanja vya Kitengela alivyowauzia, ambavyo juu yake tayari palikuwa na barabara. Langley Park, alikokuwa anaishi, walimjua kwa dawa ya kupunguza kitambi iliyowaongezea vitambi. Silver Spring walizuia namba yake na hawakutaka maelezo. Kwa Wakenya wote walioishi kuzunguka Washington, palibaki kanisa moja tu ambamo mtu angemwita "Brother Kuria" bila kwanza kuushika mkoba wake, nalo lilikuwa Columbia. Ndani ya kanisa hilo alikuwemo Jeptoo.

Jeptoo alikuwa msimamizi wa manesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa na mume, na alikuwa na nyumba ya vyumba vinne. Kuria alimpenda sana. Alizipenda pia zile ngazi, lile zulia, na lile dirisha la jikoni linalotazama miti. Ungemwuliza angesema anampenda mwanamke, lakini akianza kumsimulia, alianzia sebuleni.

Nafasi aliiona Jumapili moja ya Oktoba baada ya ibada. Kwenye mkahawa ng'ambo ya kanisa foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akina mama wa fellowship, na nguo zao za kanisani, walikuwa wanangoja matcha ya fall, yaani ya msimu wa majani kupukutika: maziwa, unga wa chai ya kijani kutoka Japani, na povu la boga lenye mdalasini juu. Jeptoo mwenyewe alikulia Kericho, chai imeizunguka nyumba yao kama ua, na sasa alikuwa amepanga foleni Amerika anunue chai yenye boga. Kuria aliitazama foleni ile kama shemasi anavyotazama kapu la sadaka likirudi limejaa.

"Unamwona Wairimu?" Jeptoo akamnong'oneza. "Mwaka jana alileta mandazi ya boga. Mpaka leo wanayaongea. Mimi nimeleta chapati miaka yote, hakuna mtu amewahi kusema hata zina chumvi."

"Hii matcha mtu anaweza kutengeneza nyumbani," Kuria akasema.

"Wewe unajua?"

"Sista Jeptoo, mimi nime-deal na mambo ya Japani miaka mingi."

Ilikuwa kweli. Aliuza spea za magari ya Kijapani Kirinyaga Road, Nairobi, nyingine zikitoka kwenye magari ambayo wenyewe walikuwa bado wanayatafuta.

Jeptoo hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa, na kwa mtu wa kazi ya Kuria tamaa ni bora kuliko ujinga, kwa sababu mjinga unamwelezea kila kitu na mwenye tamaa anajielezea mwenyewe. Kabla kikombe hakijaisha alikuwa amepanga yote. Fellowship ingekutana kwake Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kuria angewafundisha wanawake kutengeneza matcha ya fall nyumbani, na kila mmoja angenunua kopo la unga lenye picha ya Jeptoo.

"Ukinitoa kimasomaso siku hiyo, Nehemiah," akasema, "Jumapili nakusimamisha mbele ya kanisa, watu wajue wewe ni wa nani. Ukiniaibisha, usikanyage kwangu tena. Na Columbia nzima nitaiambia kwa nini."

Kuria akaiona harusi. Akaziona ngazi.

Ikabaki kuipata matcha yenyewe. Aliuliza bei madukani akatoka bila kuaga. Kikopo kama cha rangi ya viatu kiliuzwa utadhani ndani yake mna jino la dhahabu. Ndipo alipoingia dukani kwa Flaviana, Mtanzania wa Dodoma anayeuza unga, dagaa na vitenge pale Langley Park, kwenye barabara iliyochimbuliwa kwa ajili ya reli mpaka mabasi hayajui yasimame wapi. Nyuma ya mifuko ya sembe akaona magunia matatu. La kwanza lilikuwa wazi, na ndani yake mna unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto.

"Hii ni nini, mama?"

Flaviana alikuwa anapanga dagaa. Hakuinua kichwa. "Majani tu hayo, kaka."

Hapa msomaji asimame kidogo, maana mabalozi wamewahi kuitwa nyumbani kwa mambo madogo kuliko haya. Kwa Mkenya, majani ni majani ya chai. Mtume dukani akalete majani, hawezi kurudi na mchicha. Kwa Mtanzania, majani ni majani, chochote cha kijani kilichoota, na chai lazima uitaje kwa jina lake. Nchi zimepakana, neno ni moja, na Kuria alikuwa amesimama upande wake wa mpaka akitetemeka kwa furaha.

"Majani," akarudia polepole.

"Yamekaushwa, yakatwangwa. Mama ndiye ananitumia."

"Na yananunuliwa?"

"Kidogo. Watu wa huku hawayajui."

Kuria akachota kwa kidole, akalamba. Yalikuwa na ladha ya nyasi. Matcha ya Jeptoo aliyoionja kule mkahawani nayo ilikuwa na ladha ya nyasi. Ushahidi ulitosha.

"Lakini inashuka vizuri?"

"Hiyo? Hata hutafuni. Inateremka yenyewe."

Mama wa watu amekalia utajiri, Kuria akajiambia, na anauita majani. Moyo ulimwuma kwa huruma, kisha ukaacha. Hela hakuwa nazo, ila alikuwa na Camry ya kijivu ambayo gia zake zilikuwa zinaruka. Akamweleza Flaviana kwamba yeye anaoa, mke mtarajiwa ana gari, na hili sasa litamsumbua tu. Angelitoa kwa magunia yote matatu. Flaviana akafikiri muda mrefu, kama mtu mzito wa kuelewa.

"Halina tatizo lolote?"

"Mama, hilo ni la Mjapani."

"Haya. Ila nisije nikasikia kesho umekuja kurudisha. Majani yakitoka hapa, yametoka."

"Wewe ndiye usije ukarudisha gari."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu zake. Hati ya gari ilisainiwa juu ya katoni la dagaa.

Jumamosi ilipofika, jikoni kwa Jeptoo hapakuwa na pa kuweka mguu. Magunia yalikuwa gerejini kwake, na makopo yaliyojazwa kutoka humo yalikuwa yamepangwa dirishani, Jeptoo akitabasamu kwenye kila moja juu ya maneno MATCHA YA VULI.

"Vuli si mvua?" akauliza Dorothea, Mtanzania anayefanya kazi chini ya Jeptoo, ambaye alikuwa amealikwa kwa sababu ya viti vyake vya kukunja.

"Ni fall," Jeptoo akamjibu. "Kunjua viti."

Kuria alivaa aproni nyeusi na uso wa msiba. Alichekecha unga kwenye bakuli. Aliwaonyesha boga lililopondwa na kuchemshwa na sukari, tangawizi, karafuu na kungumanga, akawaambia wanuse, wakanusa.

"Maji yasichemke," akasema. "Yakichemka, majani yanakasirika. Wajapani wanaheshimu sana majani."

Akawapa mgongo kidogo. Zamani aliwahi kupika sukuma wiki kwenye kibanda cha Thika, na huko alijifunza kwamba magadi kidogo huifanya mboga ya juzi ing'ae kama ya leo. Magadi hayakuwepo, ila kabati la Jeptoo lilikuwa na baking soda. Akatupia kijiko bakulini bila mtu kumwona, akamimina maji, kijani kikawaka. Wanawake wakaguna kwa kupendezwa. Akachukua kipekecho cha mianzi.

"Hamkorogi kama uji. Mnapekecha kama mnaandika herufi M. M ya matcha."

"Na W je?" akauliza Wairimu, ambaye alikuja na mandazi yake bila kuombwa.

"W ni M iliyolala chali."

"Basi hata mimi nimo."

Watu wakacheka. Kuria naye akacheka, lakini mkono ulikuwa umeanza kuchoka. Kipekecho kilikuwa kizito. Alipokiinua, kinywaji kilikuja nacho, uzi mnene wa kijani kutoka bakulini mpaka usawa wa kidevu chake. Uzi ukasita hapo, kisha ukarudi chini taratibu kama lifti.

"Hilo ndilo povu," akasema.

"Hilo povu lina mguu," Wairimu akasema.

Jeptoo alimkata jicho, akachukua kikombe mwenyewe, akakijaza, akatia maziwa na boga juu, akatazama simu zilizokuwa zinamrekodi, akanywa. Tatizo halikuwa kuanza. Tatizo lilikuwa kuacha. Kilichokuwa kinywani na kilichokuwa kikombeni vilikuwa bado kitu kimoja, na hakuna upande uliokuwa tayari kumwachia mwenzake. Alishusha kikombe, uzi ukamfuata. Alijaribu kuukata kwa kidole, zikawa nyuzi mbili.

"Mtu alete makasi," akasema Wairimu.

Dorothea alisogea, akachovya kidole, akakinusa. Uso ukamlainika kama wa mtu aliyepigiwa simu kutoka kwao.

"Jamani. Huu si mlenda?"

"Nini?" Jeptoo akauliza, kwa shida.

"Mlenda. Mboga ya kwetu Dodoma. Kaka, umetia magadi?"

"Baking soda," Kuria akasema. "Kidogo tu. Ya kung'arisha."

"Basi umepatia, ndivyo unavyopikwa. Ila sukari hapana." Akatazama huku na huku. "Ugali uko wapi?"

Kuria alikuwa amewahi kutoka kwenye mashimo marefu kuliko hilo. Akainua mkono. "Akina mama, hii ni ile grade ya juu kabisa. Inaitwa ya sherehe."

"Sherehe gani," akauliza Wairimu, "ya kuvuta kamba?"

Jeptoo alijipangusa kidevu kwa taulo ya karatasi, kisha kwa nyingine, kisha kwa nyingine. Hakupaza sauti.

"Brother Kuria," akasema, na Kuria akaelewa kwamba Nehemiah amekufa. "Makopo yote haya yana uso wangu."

"Sista, hebu—"

"Wairimu, ume-record?"

"Nimeshatuma kwa group ya kanisa. Mama Mchungaji ameweka vikatuni vya kucheka."

"Viatu vyako viko mlangoni, Brother Kuria."

Kuria alitoka kwenda kutafuta basi, jambo ambalo Columbia siku ya Jumamosi ni adhabu kamili. Nyuma yake Dorothea alifungua kopo jipya, akapika mlenda kwa siagi ya karanga na boga lisilo na sukari, akasonga ugali. Akina mama walikula mpaka mandazi ya Wairimu yakapoa. Jeptoo naye alikula. Baadaye alimwuliza Dorothea vitu kama hivi vinauzwa wapi.

Jumatatu Kuria alimfuata Flaviana dukani. Camry ilikuwa nje, imepakiwa mizigo, inanguruma vizuri. Fundi alikuwa ameitazama akasema ilikuwa na kiu ya oili tu.

"Mama, uliniuzia mlenda."

"Nilikuambia ni majani."

"Majani ni chai."

"Kwenu," Flaviana akasema.

"Basi nirudishie gari, nikuletee magunia."

"Magunia gani? Yako kwa Jeptoo. Tumeongea jana, anauza huko, mimi namletea kutoka kwetu. Tumebandika karatasi kwenye makopo juu ya lile neno matcha, tumeandika mlenda. Picha tumeiacha, kapendeza."

"Lakini magunia ni yangu."

"Kamwambie."

Kuria hakwenda kumwambia. Alikaa kwenye ukingo wa barabara iliyochimbuliwa akapiga hesabu ya matcha ya fall ya kutengeneza nyumbani. Kanisa moja, la mwisho. Camry moja, nzima kumbe. Magunia matatu. Mwanamke mmoja. Vyumba vinne vya kulala, na gereji ya magari mawili ambayo, hata angepewa leo, hakuwa na la kuegesha.