Viwanja vya Miaka Elfu

Watu wa bonde la Kilombero wamepimiwa ardhi mara nyingi kuliko maiti anavyopimiwa sanda, na kila wakipimiwa hutoka wamepungua. Walikuja wa kamba, wakaja wa darubini, wakaja wa kidude kinachoongea na angani. Kila aliyekuja alikuwa na orodha, na kila orodha ilikuwa na watu waliosahaulika kwa bahati mbaya. Bahati mbaya hiyo ina macho makali sana: tangu ianze kazi haijawahi kumsahau mwenye gari.

Obadia hakuyajua haya siku aliposhuka stesheni ya Ifakara na begi moja, akitokea mji ambao aliona si busara kuutaja. Aliyajua saa moja baadaye, katika kibanda cha chai cha mtaa wa Katindiuka. Meza ya pili walikaa wazee wawili, wakibishana kuhusu vigingi vipya vilivyochimbiwa kijijini Idete. Hawakubishana kama vigingi ni halali; hilo walishalikatia tamaa. Walibishana nani yumo kwenye orodha na nani hayumo, na mmoja wao sauti ilikuwa inamkatika kama ya mtu anayeaga.

Obadia akaacha kutafuna andazi. Katika utumishi wake alikuwa ameshauza mafuta ya upako na maji ya Yordani yaliyochotwa bombani, na chumvi ya kufukuza wadai. Lakini alikuwa hajawahi kukutana na hofu safi kiasi kile, hofu isiyo na pumba wala mawe: hofu ya kutokuwemo kwenye orodha. Akaagiza chai ya pili. Mtu haondoki haraka mahali alipookota almasi.

Wiki haijaisha, tayari alikuwa Mtume Obadia. Alikodi ghala tupu la mabati lililopakana na mashine ya kukoboa mpunga, akafunga spika mbili mlangoni, akaanza kufundisha uwanjani mbele yake kila Alhamisi alasiri. Tumtendee haki: mafundisho hakuyatunga yote. Mwongo mzuri hujenga kwa matofali ya wenzake. Kwamba Kristo atarudi kutawala hapa hapa duniani miaka elfu moja, wapo Wakristo wengi wanaoliamini kwa moyo mweupe. Na ni nani hasa watakaoingia katika ufalme huo, wasomi wenye miwani wamelibishania karne na karne. Obadia alilimaliza alasiri moja.

Watu ni makundi matatu, alifundisha. Kundi la kwanza ni watakatifu waliofufuliwa. Hao wana miili ya nuru, watatawala na Mfalme, hawali, hawaoi, hawalimi, kwa hiyo hawahitaji shamba. Kundi la pili ni watakaonusurika na dhiki kuu, wakaingia katika Ufalme wakiwa na miili hii hii, na magoti haya haya, na fangasi hizi hizi za majaruba ya mpunga. Hao watazaa, watajenga na kukaa ndani ya walichojenga, watapanda na kula walichopanda, na hatakuja mtu na karatasi kuwaambia wahame. Hapo kina mama walianza kufuta machozi, na hata sisi tunaosimulia kwa dharau tunakiri kwamba hapo hakukuwa na cha kucheka.

Kundi la tatu ni walio nje.

"Nani ataingia?" akauliza Obadia kwenye spika, kisha akajibu kwa upole wa daktari. "Walioandikwa."

Akatoa daftari jeusi. Kila atakayeandikwa angepewa namba ya kiwanja katika bonde la Ufalme, ekari tatu, na majirani wake wa mipaka kutajwa kwa majina. Ada ilikuwa magunia mawili ya mpunga, nayo si ada, alisisitiza, ni mbegu ya msimu wa kwanza wa miaka elfu. Mzee mmoja akataka kujua kama Mfalme mwenyewe haji na mbegu.

"Mfalme anakuja na mvua," alisema Obadia. "Au wewe mzee wangu umezoea kuletewa vyote viwili?"

Watu wakacheka, mzee akaenda kuleta mpunga.

Likabaki fundisho la mwisho, alilolipenda kuliko yote. Siku ya hukumu, alieleza, Mfalme atatenga mataifa kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi, na swali litakuwa moja tu: nilipokuwa na njaa, ulinilisha? Aliyemlisha ndugu mdogo kuliko wote ndiye aliyemlisha Mfalme, na ndiye atakayeingia. Na ndugu huyo mdogo ni nani hapa Katindiuka? Obadia aliinamisha macho kama bibi harusi. Ni mtumishi mpangaji, asiye na jiko. Tangu jioni hiyo hakukosa kuku.

Mnunuzi alishampata. Mahmoud alikuwa mfanyabiashara wa nafaka pale mjini, mjukuu wa watu waliokuja na vitambaa kutoka pwani, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alikubali kuleta lori ghala likijaa, na malipo yake ya kutangulia ndiyo yaliyomvalisha Obadia suti ya kijivu na kumnunulia zile spika. Alimuuliza jambo moja tu, kwa kutania.

"Na sisi Waislamu, Mtume, katika ufalme wako tumo?"

"Mzee Mahmoud, nimewatengea eneo la biashara, karibu na lango."

"Lile lile la mafuriko tunalopewa kila mara?" aliuliza Mahmoud, akaendelea kunywa kahawa.

Magunia yalipofika arobaini, akaja Bibi Paskazia. Alikuwa mjane kutoka Idete, mtu wa jumuiya, mwembamba kama mwiko, mwenye asili ya upande wa Mahenge ambako watu hawasemi kitu mara mbili. Obadia alishatangaza kwamba mtume hatoi shikamoo kwa mwenye mwili, lakini mbele ya bibi yule mdomo ulijisemea wenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nimeleta magunia yangu mawili. Ndiyo niliyonayo."

Hakuongopa. Mwaka wa orodha iliyopita Paskazia alilipa, akatia dole gumba, akapewa stakabadhi, kisha jina lake likasahaulika kwa ile bahati mbaya yenye macho. Magunia yale mawili yalikuwa mbegu yake na chakula chake hadi mavuno yajayo. Akiyapoteza, angemaliza uzee wake akipalilia majaruba ya wenzake kwa kibaba. Obadia alilijua hilo, maana aliambiwa. Akaliandika jina lake kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kisha bibi akageuka akawaambia watu kwamba ghala lina kufuli moja, na hilo si utaratibu. Kila mtu pale alikuwa mwanachama wa kikoba cha kuweka na kukopa, na hakuna sanduku la kikoba bonde lote lenye kufuli moja: ni kufuli tatu, funguo tatu, washika funguo watatu wasiolala nyumba moja. Mbegu ya kukaa miaka elfu itashindwaje na sanduku la akina mama?

Umati ukaunga mkono. Obadia alitaka kukataa. Lakini mtume anayekataa kufuli huwa anajibu swali ambalo hajaulizwa, kwa hiyo alitabasamu, akasema Roho alikuwa karibu kulitamka jambo hilo hilo. Zikawekwa kufuli tatu. Ufunguo mmoja wake, mmoja wa Paskazia, mmoja wa Valeriani, mwendesha mashine ya kukoboa, jitu la mabega mapana lililokuwa na vumbi la pumba kichwani saa zote.

Kuanzia hapo uamsho ulishuka Katindiuka kwa namna ambayo Obadia mwenyewe hakuitegemea. Wale watu hawakutosheka na neno. Obadia akimaliza kufundisha kwa saa moja, Paskazia huinua mkono, akaomba arudie pale pa nani ataingia. Akirudia, mama mwingine huuliza habari za watoto wachanga. Wa pili, za mtu aliyebatizwa mara mbili. Wa tatu anataka kujua iwapo waliochimbia vigingi wataingia, na kama wataingia, watakaa mtaa upi. Kati ya swali na swali walipiga ngoma na kuimba kwa sauti ya kung'oa bati. Ibada ya saa moja ikawa ya saa nne. Obadia alikauka koo, akavimba kichwa. Usiku alijiambia kwamba pengine, kwa makosa ya huko juu, alikuwa mtume kweli.

Hakujiuliza kwa nini kina mama huimba wote lakini wanaume uwanjani hupungua. Hakujiuliza kwa nini Valeriani, aliyeshika ufunguo wa mbegu takatifu, hakuonekana ibadani hata mara moja. Wala hakuona kwamba mlima wa pumba nyuma ya mashine, uliokuwa mrefu kama nyumba mwezi wa saba, sasa mtoto angeuruka. Mtu anayesikiliza sauti yake mwenyewe kwenye spika mbili ana shughuli nyingi.

Magunia yalipofika mia moja na ishirini, bei mjini ikapanda, na Obadia akapokea ufunuo. Jumamosi asubuhi wote walioandikwa wangevaa nyeupe na kutembea hadi Kivukoni, wakaoshwe mtoni. Ila hakuna aingiaye katika Ufalme akiwa ameshika funguo za dunia hii. Alijiandaa kwa mabishano; alikuwa na aya saba mfukoni. Hazikuhitajika. Paskazia alimwekea ufunguo kiganjani kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuungua. Valeriani akaweka wake juu yake, akapiga chafya.

"Wewe hutakuja, Mtume?" aliuliza bibi.

"Nitafuata. Nabaki kuwaombea."

"Utuombee basi. Hasa mimi."

Jumamosi, nyimbo zilipofifia barabarani, lori la Mahmoud liliingia kinyumenyume hadi mlangoni. Obadia alifungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa heshima kubwa, kama anayevunja mhuri wa unabii. Magunia yalikuwepo yote, yamepangwa hadi darini, yameshonwa vizuri kwa kamba. Aliwaambia wapakizi wafanye haraka. Mahmoud akawaambia wangoje.

Alitoa bambo mfukoni, ule mrija wa chuma wenye ncha ambao mnunuzi wa nafaka haachani nao hata msikitini. Akalichoma gunia la kwanza. Badala ya mpunga, kiganjani pake palimwagika pumba na mchanga wa mto. Akachoma la pili. Pumba na mchanga. Akapanda juu, akachoma la katikati, akachoma la pembeni, taratibu, bila hasira, kama daktari anayetafuta mshipa kwa mgonjwa aliyekwisha kata roho.

"Mbegu yako hii, Mtume," alisema, "itaota nini?"

Obadia alikimbilia mwisho wa ghala. Huko nyuma, ukutani, mstari mwembamba wa jua ulisimama wima. Akalisukuma bati, likafunguka kama pazia, misumari yake imekunjwa kwa ustadi. Upenyo ulikuwa wa upana wa gunia moja, na upande wa pili palikuwa uwanja wa mashine ya Valeriani. Kufuli tatu mlangoni, na ukuta haukuwa na hata moja. Kila Alhamisi, wakati yeye akieleza kwa spika ni nani ataingia, mpunga ulikuwa ukitoka.

Alitaka kupiga kelele za mwizi. Alifungua hata mdomo. Kisha akafikiri ni nini angewaambia watakaokuja, kuhusu lori, na akaufunga.

Mahmoud hakugombana. Aliagiza wapakizi wapakie spika zote mbili na waya zake, akanyoosha mkono kwa adabu, akangoja koti la suti. "Suruali baki nayo," alisema akipanda lori. "Mimi si mtu mbaya. Na lile eneo la karibu na lango, mpe mwingine."

Lori halijapinda kona, nyimbo zikarudi. Hawakuwa wamefika Kivukoni. Walifika kwenye kona ya pili, wakakaa kivulini kungoja. Sasa waliingia uwanjani wote, weupe mtupu, wakamtazama. Obadia alisimama mlangoni na shati lililolowa, daftari jeusi kwapani. Aliwahi kufukuzwa kwa mawe miji miwili na kwa mbwa mji mmoja; kufukuzwa alikuzoea. Hakuzoea kutazamwa.

Hakuna aliyemgusa. Walisogea pembeni kumpa njia, akapita katikati yao, na alipofika kwa Paskazia akakuta bibi ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, mbele yake sahani iliyofunikwa kwa kawa. Obadia alikuwa hajala tangu jana. Kuku wa Ijumaa jioni hakuletwa, naye alidhani ni mfungo.

"Kaa, baba. Ule."

Akafunua. Ulikuwa wali mtupu, mpya, unaonukia hadi barabarani, mchele wa aina ya supa kutoka Idete, uliokobolewa hapo hapo. Obadia alijua ni gunia la nani. Alijua pia kwamba njaa haina aibu, akakaa chini vumbini, akala kwa mkono, mbele ya watu sitini aliokuwa amewauzia dunia. Hakubakisha punje.

Alipomaliza, Paskazia alilichukua lile daftari polepole kutoka miguuni pake, akaomba kalamu. Akalitafuta jina lake, akaliwekea alama ya vema, akalifunga.

"Ulikuwa na njaa, nimekulisha," alisema. "Na mdogo kuliko wewe hapa hayupo. Kwa mafundisho yako mwenyewe, mimi nimeingia."

Akaitwaa sahani, akaipangusa kwa kanga.

"Sasa nenda, baba, kabla jua halijawa kali. Njiani utafute na wewe mtu wa kumlisha."