Yah: Nyumba Namba Tisa Kukosa Kupiga Makofi

Bobbin Row, Halifax
Mei 2020

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Makofi, Bwana Pickersgill,

Pokea salamu zangu. Nimepata onyo lako, ulilolisukuma chini ya mlango wangu kwa koleo la makaa ili usiambukizwe. Linasema kwamba kila Alhamisi saa mbili usiku mtaa mzima hutoka kuwapigia makofi wanaotuhudumia wakati huu wa korona, isipokuwa namba tisa. Kwamba kuwa kazini si udhuru. Na kwamba jina langu limewekwa kwenye kundi la simu la mtaa, chini ya maneno "Wasio na Shukrani". Naomba liondolewe. Nimeishi hapa miaka mingi na jambo hili limeniuma. Sababu zangu ni hizi.

1. Saa hiyo huwa niko kwenye makao ya wazee hapo mwisho wa mtaa, ambako mimi ni mhudumu. Kama nimelisoma vizuri tangazo lako, anayepigiwa makofi ni mimi. Hata hivyo sikutaka kukimbilia kujitetea. Nikiwa katikati ya kumlisha Mzee Ogden kastadi, nilimwomba ruhusa nitoke mara moja nikajipigie makofi. Akaniambia, "Nenda tu, mwanangu. Kijiko nitashika mwenyewe kwa mikono hii isiyotulia, halafu ukirudi uitafute kastadi darini." Nikabaki.

2. Nimejaribu kutimiza wajibu huo nikiwa kazini. Glavu za mpira hazitoi sauti ya maana, na mwenzangu Shanice aliponikuta koridoni najipigia makofi alinipima homa papo hapo.

3. Nasikia Bi. Maudsley wa namba sita hupiga makofi mpaka viganja vinawiva. Tukikutana njiani, huvuka barabara mbio. Simlaumu. Naomba tu kamati imwelekeze apige makofi huku akivuka, nijue anavuka kwa heshima.

4. Napendekeza Alhamisi ijayo kamati nzima ije kazini, nami nisimame barabarani niwapigie makofi. Wewe utambadilisha Mzee Ogden nepi, na mkeo Bi. Hilary atashika beseni la matapishi. Kwa kuwa mtakuwa mmekosa makofi, na kazi si udhuru, itakubidi ujiandikie onyo, ulisukume chini ya mlango wako mwenyewe, na jina lako lifuate langu. Nitakuazima koleo.

5. Kama hilo ni zito, basi tuleteeni sufuria mnazozigonga wakati wa makofi. Aproni zimetuishia, tunavaa mifuko ya taka, na makofi hayafungwi kiunoni. Kifuniko cha kioo cha sufuria ya Bi. Hilary kingenikinga uso mzima, tena kina mshikio. Sitanii. Naogopa kila siku ninapoingia mle ndani, na sijui kama nitatoka nao ugonjwa huo au nitawapelekea wazee.

Kwa hiyo nadai makofi yakome na sufuria zote ziletwe makaoni kabla ya Alhamisi, zikiwa zimeoshwa.

Nisalimie Bi. Hilary, Bi. Maudsley popote alipovukia, na mbwa wenu, ambaye nasikia hubweka hadi mwisho bila kusimamiwa na kamati.

Wako asiye na shukrani,
Glenys Thackray
Namba tisa

N.B. Sufuria msilete. Tuna bibi mmoja hapa, Bi. Winifred Lumb, aliyekuwa mwimbaji wa vilabuni enzi zake. Tangu wanawe wakatazwe kuja kumwona amekataa chakula. Alhamisi iliyopita tulifungua dirisha. Aliposikia mtaa unavyoshangilia aliketi wima, akainamisha kichwa kwa watazamaji wake, kisha akala sahani nzima. Sijamwambia makofi ni ya nani, na wewe usimwambie. Jina langu liache hapohapo lilipo. Pigeni kwa nguvu zaidi, na kama haiwasumbui muongeze Jumatatu, maana Jumatatu huwa hagusi kitu.