Kitabu Changu cha Makabila Yote

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimemaliza! Kitabu changu cha watoto kimekamilika. Mtoto wa Kichaga anafika Bariadi. Mtoto wa Kikurya anafika Bariadi. Wa Kijita, wa Kimakonde, wote wanafika Bariadi, wanajifunza kusema mwangaluka, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, wanakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maziwa, wanafurahi. Mwisho. Nilitokwa na machozi.

Ijumaa ni siku ya vitabu shuleni. Mgeni rasmi atachagua kimoja kisomwe mbele ya wazazi wote. Mpinzani wangu ni Mwalimu Benadetha wa darasa la pili. Ameokoteza nyimbo za watoto kwa akina mama wa mtaani, kila mama na lugha yake. Hiyo nayo ni kazi? Kuuliza watu? Mimi sikumuuliza mtu.

Jumanne, 7 Oktoba
Michoro imefika. Zengo huchora mabango ya bucha, kwa hiyo ng'ombe wake wako hai kabisa. Watu ndio shida. Watoto wote wana uso mmoja, na uso wenyewe ni wa Zengo. Kilimanjaro imekaa kama rundo la pamba. Nilipolalamika akasema hajawahi kuuona huo mlima, na kwamba hata mimi sijauona. Jeuri! Ni kweli, lakini inamhusu nini?

Jioni nikamsomea mke wangu, Evalina. Yeye ni Mjita wa Lamadi, kwao wavuvi. Nikajua atafurahi. Mjita mdogo anafika ananuka samaki, bibi wa Kisukuma anamwogesha, anampa michembe, anakuwa mtoto mzuri. Evalina akaniomba nirudie ukurasa huo. Kisha akauliza, "Baba Salu, huyu ni mimi?" Nikamwambia kitabu ni cha makabila yote, asijipendelee. Akaingia jikoni. Tukala michembe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Michembe tena! Asubuhi, mchana, usiku. Hata dagaa mmoja sijamwona, na sato wa Evalina ndiye aliyenifanya nioe! Nimedai maelezo. Amejibu kwa adabu zote kwamba kitabuni mwangu kila mtu anakula hivyo na anafurahi. Sijaelewa inahusiana vipi. Halafu akaaga, anakwenda kwa Mwalimu Benadetha. Wanawake na maongezi yao.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimedhulumiwa! Mgeni rasmi alifungua changu, akauliza mbona watoto wote wanafanana. Nikamweleza kwamba ndugu lazima wafanane. Akakiweka chini, akachukua cha Benadetha. Na nani anainuka kusoma? Evalina wangu! Na kitenge cha sikukuu!

Akaimba wimbo wa mama yake wa kumbembeleza mtoto usiku, baba akiwa ziwani anavua dagaa. Aliimba kwa Kijita, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Mtoto anatazama taa za mitumbwi kule mbali, anauliza ya baba ni ipi. Mama hajui. Anamwonyesha yoyote tu, ili alale. Binti yetu Salu analia waziwazi. Hata Zengo. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Miaka yote hii ndani ya nyumba moja, wimbo kama huo hajawahi kuniimbia! Njiani nikamuuliza kwa nini alinificha.

Akasema, "Hujawahi kuniuliza kwetu tuliimba nini."

Kisingizio gani hicho?

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeamka na wazo. Kumbe watu wanataka ziwa! Basi watalipata. Kitabu cha pili kitakuwa cha mvuvi mdogo wa Lamadi. Evalina alikuwa anapaa sato magamba. Aliposikia akaweka kisu chini, akanisogezea kigoda, akasema niketi, niulize chochote, atanisimulia. Uso wake ulikuwa kama wa siku za uchumba wetu.

Nikamwambia asijisumbue. Nimeshakiandika chote kabla ya chai. Zengo anaanza kuchora leo. Ziwa hajawahi kuliona, lakini ataweka lambo kubwa, ng'ombe wanakunywa. Mwishoni mvuvi anahamia Bariadi.

Sato amepelekwa kwa Mwalimu Benadetha. Mimi nimewekewa michembe.