Mheshimiwa Ukoko na Kiti cha Taifa

Jumatatu, 6 Mei

Habari ya mwaka! Mbunge wetu, Haji Mansor, anastaafu, hagombei uchaguzi wa Juni. Magoti. Vipindi vitano Bungeni wapinzani hawakumweza, magoti yamemweza. Nilimpigia simu kumpa pole. Nilijibana nisicheke.

Kwa hiyo kiti cha Tanjung Lembing kiko wazi. Kiti cha taifa! Kuala Lumpur! Mimi, Samsuri bin Lajis, mjumbe wa Baraza la Jimbo kwa miaka kumi, mtu niliyezungumzia mitaro na taa za barabarani mpaka nikaziota, sasa nitazungumzia mambo ya dunia.

Tatizo moja tu. Eneo hili la Bunge lina wajumbe wawili wa Baraza la Jimbo. Mimi wa Parit Bilal, na Mwalimu Halijah wa Bukit Senduk. Amefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini. Nusu ya wapiga kura amewahi kuwavuta masikio, na nusu iliyobaki ni wazazi wao.

Mchana akapiga simu Datuk Ghapar, mwenyekiti wa chama jimboni, mwenye nishani ya heshima ya Datuk. Alisema mmoja wetu ataenda Bungeni na mwingine atapumzika, kwa sababu vijana wanavitaka viti vya Baraza. Niliuliza kupumzika ni kufanya nini. Akasema ni kukaa nyumbani, Samsuri.

Nyumbani! Kabla ya siasa nilikuwa nauza magodoro. Duka bado lipo, mke wangu Rohayu ndiye analiendesha. Nilipomweleza, alisema kwa upole kabisa kwamba anahitaji mtu wa kubeba, na mgongo wangu unaonekana bado mzima. Nilishindwa kumaliza wali.

Jumanne, 7 Mei

Akili imefunguka. Daraja la mbao la Bukit Senduk limeoza. Watu wanavuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Nimeandika barua gazetini: "Mjumbe wetu yuko wapi?" Nikatia sahihi "Mkazi Mwenye Uchungu". Uchungu ninao kweli, kwa hiyo si uongo.

Shemeji yangu Sarip, ambaye ni dereva wangu na pia katibu wangu na pia mtu pekee anayecheka vichekesho vyangu, aliipeleka posta. Aliuliza kwa nini nisiandike kuhusu daraja letu, ambalo limeoza zaidi. Nilimwambia siasa haitaki haraka.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili, huu ni mtamu. Jumapili kuna harusi kumi na moja katika eneo la Halijah. Mjumbe akialikwa harusini akakosa, familia humkumbuka mpaka mjukuu aolewe. Nimemtuma Sarip azunguke nyumba zote kumi na moja aseme, kama habari ya kusikia tu, kwamba Mwalimu Halijah ameahidi kuja mwenyewe. Atafika tatu, labda nne. Zilizobaki zitamnunia. Hesabu hiyo hata yeye hawezi kuifanya!

Jumapili, 12 Mei

Amefika zote kumi na moja.

Zote! Nyuma ya pikipiki ya mumewe, helmeti juu ya mtandio. Kila nyumba amekula vijiko vitatu, ameombea maharusi, ameondoka. Nyumba ya tisa alikuta waosha vyombo wamezidiwa, akakunja mikono ya nguo, akaosha sahani nusu saa. Sarip alikuwepo. Nilimuuliza watu wanasemaje. Akauliza kama nataka ukweli. Nikamwambia sema tu.

"Wanasema, shemeji, hawajawahi kuona mheshimiwa wa namna ile. Kuna bibi alilia."

Alilia kwa nini? Sarip hakujua. Alisema naye machozi yalimlengalenga kidogo.

Mimi nilikuwa na harusi mbili. Moja niliisahau.

Alhamisi, 16 Mei

Gazeti lilichapisha barua yangu Jumatatu. Jumanne wahandisi wa jimbo walifika Bukit Senduk. Leo daraja ni jipya, la chuma, lililoletwa limeundwa tayari, na kingo zimepakwa rangi ya manjano. Ukurasa wa tatu kuna picha ya Halijah na wanakijiji wakilivuka kwa viatu. Amenukuliwa akimshukuru Mkazi Mwenye Uchungu, popote alipo, kwa moyo wake wa kizalendo.

Daraja langu nimeliombea fedha miaka minne!

Rohayu alisoma ile barua kwenye gazeti la zamani alilokuwa anafungia mito. Aliuliza mkazi gani huyo anayeandika "uzembe uliokubuhu". Alisema hajawahi kumsikia mtu mwingine akitumia maneno hayo isipokuwa mimi, kwa paka. Nilitoka nje kuangalia maua.

Habari njema mwisho wa siku. Mzee wetu Wak Senin, mwenyekiti wa tawi letu, anamwoza binti yake Jumapili. Datuk Ghapar atakuja Jumamosi, siku ya kupika, maana anasema siku ya kula hata mwizi huvaa batiki. Atakuja kutuangalia sisi wawili. Halafu ataamua.

Ijumaa, 17 Mei

Nimefikiri kutwa. Siku ya kupika kijiji kizima kinakuja. Wanawake kwenye vitunguu, wanaume kwenye kuni na nyama. Lakini macho yote huwa kwenye karai la dodol. Tui, sukari ya mnazi, unga wa mchele, na saa saba za kukoroga bila kuacha. Halua ni mtoto mbele yake. Hapo mwishoni dodol inakuwa nzito, inang'ang'ania mwiko, na mwanamume anayeikoroga anaonekana mwanamume.

Datuk atafika saa tisa. Karai litawekwa motoni saa tatu asubuhi. Kwa hiyo saa ya mwisho, ile nzito, ile ya jasho, ndiyo yangu. Nimempigia Wak Senin kujitolea. Alikubali. Kisha alisema kuna sharti moja tu la karai, Mheshimiwa, nadhani unalijua: aliyeshika mwiko hauachi mpaka mwingine awe ameushika.

Nilicheka. Nimezaliwa hapa, Wak, nilimwambia. Dodol ninaijua tangu meno ya utotoni.

Jumamosi, 18 Mei

Mikono inauma. Nitaandika polepole.

Nilifika saa nane na nusu. Shati jeupe, ili jasho lionekane. Halijah alikuwa chini ya turubai na akina mama, anamenya vitunguu, macho mekundu. Alinipungia kisu kwa salamu. Nikamwonea huruma. Vitunguu! Nani anapewa Bunge kwa vitunguu?

Nikapokea mwiko kwa kijana wa Wak Senin, ambaye alikuwa ameloa chapachapa. Karai lina upana wa meza. Dodol imeshakuwa nyeusi, inang'aa. Dakika tano za kwanza nilifurahi. Dakika kumi nikaanza kuiombea nchi. Wazee walionizunguka walisema, "Taratibu, Mheshimiwa, fika chini. Chini! Unaipapasa tu hiyo." Nikafika chini. Mabega yaliita majina ya marehemu.

Saa tisa kamili gari jeusi likaingia. Datuk! Akanyoosha njia moja kwa moja mpaka kwenye karai. Akasema, "Ala! Samsuri! Mwenyewe unakoroga?" Akanipa mkono.

Sasa naomba haki itendeke katika kitabu hiki. Miaka kumi katika siasa. Mkono ukija mbele yangu, mkono wangu unakwenda wenyewe. Nimewahi kumpa mkono mtu aliyekuwa ananyoosha apokee chenji. Nimewahi kuupa mkono mlango wa benki. Basi nikaachia mwiko, nikaushika mkono wa Datuk kwa mikono miwili, kisha nikaweka wangu kifuani kwa heshima.

Ningerudi mara moja. Lakini Datuk alikuja na watu. Akanitambulisha kwa katibu wake. Mkono. Kwa mweka hazina. Mkono. Kwa shemeji wa mweka hazina. Walikuwa kumi na wanne! Unamrukaje mtu mbele ya Datuk? Nyuma yangu nilisikia wazee wakipiga kelele, nikadhani wanamshangilia.

Kwenye mkono wa tisa nikasikia harufu.

Mwiko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya dodol. Moshi unatoka pembeni. Wak Senin alikuwa anakimbia kutoka kwenye nyama. Mabinti wanasema, "Imeshika! Dodol imeshika chini!" Bibi arusi akafungua dirisha, akanusa, akaanza kulia.

Aliyefika kwanza ni Halijah. Sijui alirukaje ile meza ya vitunguu. Alisema zima moto, leteni sufuria tatu, mtu asikwangue chini, mtu asikwangue chini nimesema! Sauti ile ile ya darasani. Wanaume wazima wakatii. Hata Datuk akasogea. Wakachota ya juu kwa vijiko vikubwa, wakaionja, bado safi. Ikawekwa kwenye karai dogo, moto mpya, na Halijah mwenyewe akashika mwiko.

Datuk akamsogelea kumsalimu. Hakugeuka! Alisema, "Samahani Datuk, nikiacha itashika tena. Kaa kwenye kiti, ukitaka chai utapewa." Datuk akakaa. Alisubiri dakika hamsini, mwenyekiti wa chama jimboni, kwenye kiti cha plastiki, mpaka dodol ilipoiva.

Nilijikaza nisitabasamu. Amemdharau Datuk hadharani! Mimi nimeunguza nusu karai, sawa, lakini nimeunguza kwa heshima.

Jumapili, 19 Mei

Harusi. Dodol ilitosha, kila mtu alipata kipande kidogo. Bibi arusi hakunitazama.

Watoto wamenipa jina. Mheshimiwa Ukoko. Sarip anasema litasahaulika. Kisha nikamsikia kwenye simu akimwambia mtu, "Ndiyo, kwa Ukoko, nyumba ya geti la bluu."

Jumatano, 22 Mei

Datuk aliniita ofisini. Alisema ni Halijah.

Niliuliza kuhusu ile dharau ya Jumamosi. Akasema miaka ishirini watu wameacha kazi zao kumpa mkono, na siku ile aliona mtu mmoja ambaye kwake kazi ilikuwa kubwa kuliko Datuk. Akasema alikunywa chai ile akiwa na furaha sana.

Basi. Magodoro. Nilisimama nitoke. Nilifikiria jinsi nitakavyopita mbele ya Wak Senin na godoro kichwani.

Datuk akasema kaa, hajamaliza. Jana alipompa Halijah habari, Halijah alitoa sharti. Anakubali Bunge iwapo Samsuri atabaki na kiti chake cha Parit Bilal. Datuk alimuuliza kwa nini. Halijah alijibu kwamba mimi ni msumbufu, lakini naijua kila nyumba na kila mtaro, na kwamba mtu anayeliandikia gazeti kuhusu daraja la jirani hakosi moyo.

Anajua! Tangu mwanzo amejua!

Nililia. Naandika ukweli, nililia mbele ya Datuk, na leso nilipewa na yule shemeji wa mweka hazina.

Ijumaa, 24 Mei

Rohayu alisema niende kumshukuru. Nilikwenda, nimebeba godoro jipya la mkonge. Halijah alitaka kulilipia, nikakataa. Mumewe alilala juu yake kulijaribu, hakuamka mpaka naondoka.

Nilimwambia Halijah samahani. Aliuliza ya nini. Nikasema ya yote. Akasema, "Haya Samsuri. Sasa acha vituko, tufanye kazi." Nilihisi nina miaka tisa. Nilihisi vizuri, kwa kweli. Nimekuwa mtu mpya.

Jumapili, 16 Juni

Tumeshinda! Halijah yuko Bungeni kwa kura elfu kumi na mbili za ziada. Mimi nimebaki Barazani kwa kura mia mbili na nne. Mabango ya wapinzani yalikuwa na picha ya karai tu, bila maneno.

Alhamisi, 20 Juni

Halijah ataapishwa wiki ijayo. Jumamosi hii Bukit Senduk wanamfanyia karamu. Aliniuliza ni nani wa kumshauri kuhusu madaraja ya eneo zima, nikasema mimi, akasema vizuri, tuanze na la kwako. Mwanamke mwema. Nitamtumikia mpaka mwisho.

Lakini Sarip amesikia jambo. Kwenye karamu atakuja Waziri. Waziri mwenyewe, kutoka Kuala Lumpur! Na inasemekana kuna kiti kimoja kitupu Seneti, kile cha kuteuliwa, hakitaki hata kura.

Na kutakuwa na dodol.

Nimefikiri kwa makini sana. Kosa langu la mara ile nimeliona wazi, ajabu sikuliona mapema. Nilikuwa nakoroga kwa mkono wa kulia! Nimempigia mpishi, nimechukua zamu ya mwisho. Tangu jana nafanya mazoezi na kasia kwenye pipa la maji, kwa mkono wa kushoto. Rohayu alikuja kutazama. Alisema mkono huo haujawahi kubeba hata birika.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wa kulia ndio wenye kazi, na Jumamosi utakuwa mtupu, msafi, tayari kwa Waziri.